Tusiwatishe wagonjwa wa ngozi kwa neno 'kinga'

Yapo maneno katika Kiswahili ambayo yametwikwa mzigo mzito kuliko yalivyostahili kubeba. Mojawapo ni neno 'kinga'. Zamani lilikuwa neno la kawaida kabisa. Mtu alijikinga na jua kwa mwavuli, mama alikinga maji ya mvua kwa ndoo, na kila mtoto alifunzwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kisha, katika miaka ya 1980, yakaingia maradhi ambayo katika lugha yetu yalipewa jina la Upungufu wa Kinga Mwilini, nalo likafupishwa kuwa Ukimwi. Tangu wakati huo, mzungumzaji wa Kiswahili akisikia kwamba kinga ya mwili wa fulani imepungua, hana haja ya kuuliza swali la pili. Ameshajua, au anadhani ameshajua, habari yote.

Nimeanza na neno hili kwa kuwa nakusudia kuzungumzia dawa ambazo kazi yake hasa ni kuipunguza kinga hiyo. Naam, msomaji hakukosea kusoma. Ziko dawa ambazo daktari humpa mgonjwa kwa makusudi ili kinga ya mwili wake ishuke, na wagonjwa wengi wa ngozi wamezipata nafuu yao kwazo baada ya miaka ya mateso. Swali langu ni jinsi tunavyowaeleza watu wetu habari za dawa hizo, kwa maneno gani, na maneno hayo huwafanya watende nini wakifika nyumbani.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba mimi si tabibu. Udaktari nilio nao ni wa isimu, wala hauniruhusu kumwandikia mtu hata aspirini. Lakini maneno ndiyo kazi yangu, na katika jambo hili nashawishika kwamba maneno yanaweza kumdhuru mgonjwa au kumwokoa sawa na kidonge chenyewe.

Tuanze na maradhi yenyewe. Si kila ugonjwa wa ngozi husababishwa na vijidudu. Upele huletwa na kijidudu kinachochimba ngozini, na choa huletwa na kuvu. Hayo ni maradhi ya kuambukiza na dawa zake huua mdudu au kuvu. Lakini ukurutu, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita pia pumu ya ngozi, hauna mdudu wa kuuawa. Soriasisi vilevile haina. Ngozi ya kawaida hujitengeneza upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Ya mwenye soriasisi hufanya kazi hiyo kwa siku chache tu, na kwa hiyo hurundikana magamba ya rangi ya fedha viwikoni, magotini na kichwani. Kisa chake ni kwamba seli za kinga, ambazo zingepaswa kupambana na adui wa nje, hupeleka ujumbe wa vita mahali pasipo na vita. Upo pia ugonjwa uitwao pemfigasi, ambao ni mkali zaidi. Humo kinga huishambulia gundi inayoshikanisha seli za ngozi, na mwili wote ukatoka malengelenge yanayopasuka na kuacha vidonda vibichi, hata kinywani.

Walimu wa sayansi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba kinga ni askari wa mwili. Mfano huo ni mzuri kwa nusu ya kwanza ya somo. Nusu ya pili, ambayo nadra kufundishwa, ni kwamba askari wanaweza kuwageukia raia. Hapo inanijia methali yetu isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika methali hiyo 'kinga' si ngao bali ni kijinga cha moto, yaani kipande cha ukuni kinachowaka, na wanafunzi wangu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sauti tu. Hata hivyo sikujua mfanano unaofaa zaidi kuwaeleza watu habari za ukurutu na soriasisi: ngao iliyogeuka kijinga. Wagonjwa wenyewe husema ngozi inawaka moto, wala hawajapata kusoma kitabu chochote cha tiba.

Moto huo ulikuwa hauna mzimaji kwa karne nyingi. Kabla ya katikati ya karne ya 20, mgonjwa wa pemfigasi alikuwa aghalabu anahesabiwa siku. Mnamo 1948 Philip Hench na wenzake huko Marekani walimdunga mgonjwa wa baridi yabisi homoni iliyoitwa kotisoni, na mtu aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Miaka miwili baadaye Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walitunukiwa tuzo ya Nobel. Muda si muda madaktari wa ngozi wakaichukua dawa hiyo na jamii yake, zile tunazoziita steroidi, na wagonjwa wa pemfigasi ambao wangekufa wakaanza kuishi. Mnamo 1951 ikaonekana kwamba dawa iliyokuwa ikitumiwa dhidi ya saratani ya damu iliwasafisha ngozi wagonjwa wa soriasisi. Nduguye dawa hiyo, methotreksati, ndiyo inayotumika hadi leo. Katika miaka ya 1970, kuvu iliyopatikana katika udongo wa Norwe ikatupatia saiklosporini, iliyowafaa kwanza waliopandikizwa figo, kisha wenye soriasisi. Siku hizi ziko dawa mpya za kudungwa ambazo hulenga ujumbe mmoja tu wa kinga badala ya kuinyamazisha yote, ila bei yake ni ya kumfanya mwalimu wa kawaida aikunje karatasi ya daktari na kuitia mfukoni.

Basi dawa zipo, na zile za zamani, kama prednisoloni na methotreksati, hazina bei ya kutisha. Tatizo huanzia pale mgonjwa anapoelezwa.

Nitatoa mfano mmoja ninaoujua vyema. Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliugua soriasisi kwa miaka mingi. Wanafunzi wake walinong'onezana kwamba ana ukoma, na wazazi wawili watatu walitaka watoto wao wahamishiwe darasa jingine. Alipofika hatimaye kwa daktari wa ngozi katika hospitali moja ya umma, aliambiwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza kwamba ataanzishiwa dawa ya "kupunguza kinga ya mwili", na kwamba kabla ya hapo lazima apimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Hakuna hata neno moja la uongo katika maelezo hayo. Lakini tazama alivyoyasikia yeye: kinga, kupungua, Ukimwi, kifua. Alitoka akiamini kwamba daktari ameshajua ana Ukimwi na anamficha, au, ikiwa hana, kwamba dawa hiyo itampa. Majibu ya vipimo yalitoka safi, vidonge akavichukua, akavitia katika mtoto wa meza na kuvifungia humo. Magamba yakaendelea kumla. Ilinichukua jioni mbili kumweleza, na kilichomfungua macho hatimaye kilikuwa kubadilishiwa kitenzi kimoja.

Vipimo vile vina sababu nzuri, na ingetosha kumwambia sababu hiyo. Watu wengi hupata vijidudu vya kifua kikuu wasiugue, kwa kuwa kinga yao imevifungia mahali pamoja kama mfungwa. Ukimtuliza mlinzi wa gereza, mfungwa anaweza kutoka. Daktari anataka kujua kwanza kama gereza lina watu. Ndivyo ilivyo pia kwa virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Na kwa mwenye virusi vya Ukimwi, ambaye pengine soriasisi yake imezidishwa na virusi hivyo, daktari atafuata njia nyingine. Kwa hiyo kupimwa ni ulinzi wa mgonjwa. Mtu aliyeelezwa hivyo huenda maabara kwa hiari yake.

Sasa nirudi kwa kitenzi. Kiingereza husema dawa hizi 'hukandamiza' kinga, ukitafsiri neno kwa neno. Wapo watafsiri wetu walioandika hivyo hivyo, nami siwaafiki. Katika Kiswahili cha nchi hii wanaokandamizwa ni raia, na anayekandamiza ni dhalimu. Hakuna mgonjwa atakayemeza dhalimu kila wiki kwa moyo mkunjufu. 'Kudhoofisha' humfanya mtu ajione amekonda kabla hajakonda. 'Kupunguza' na 'kushusha' ni maneno sahihi, lakini kama nilivyokwisha kueleza, 'upungufu wa kinga' ni jina lililokwisha kuchukuliwa na mwenyewe, na wala halirudishwi. Kitenzi nilichompa binamu yangu, na ambacho nakipendekeza kwa madaktari, wafasiri na walimu, ni 'kutuliza'. Dawa ya kutuliza kinga. Bahari iliyochafuka hutulia. Mtoto anayelia hutulizwa. Ugomvi hutulizwa na wazee. Kilichotulizwa kinaendelea kuwapo na kinaweza kuchafuka tena, na hiyo ndiyo hali halisi ya kinga ya mgonjwa huyu.

Najua nitapingwa. Mwenzangu mmoja katika idara yetu aliniambia kwamba 'kutuliza' ni neno la kubembeleza, linaloficha hatari. Dawa hizi, alisema, si peremende, na mgonjwa aliyebembelezwa hatakimbilia hospitali akishikwa na homa. Hoja yake ina uzito. Dawa za kutuliza kinga zina hatari ya kweli: mgonjwa huambukizwa maradhi kwa urahisi zaidi, chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai hazimfai, methotreksati inaweza kuumiza ini na uboho wa mifupa, na saiklosporini inaweza kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Lakini jibu langu ni kwamba jina la dawa halikuumbwa lifanye kazi ya onyo. Onyo liandikwe kwa sentensi kamili: ukipata homa, vidonda kinywani, kikohozi kisichokoma, au ukishindwa kupumua vizuri, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Jina likitisha, mgonjwa hatameza dawa hata kidogo, na onyo halitakuwa na wa kumwonya.

Liko neno la pili linalotutatiza, nalo ni 'kupona'. Sisi tukienda hospitali twataka kupona. Swali la kwanza la mgonjwa ni "Nitapona lini?", na mhudumu aliyechoka, ambaye nyuma ya mlango wake pana foleni ya watu sitini, hujibu, "Utapona tu." Kwa malaria jibu hilo ni sawa. Kwa soriasisi ni ahadi isiyotimizika, kwa sababu soriasisi hutulia na kurejea, na dawa huifanya itulie. Kiswahili kinalo neno lake kamili, 'nafuu', ambalo babu zetu walilitofautisha vizuri na kupona. Mtu alipata nafuu na bado akaendelea kujitunza. Tumelidharau neno hili hata limekuwa la salamu za kumpa pole mgonjwa.

Kosa hili linaongezwa nguvu na somo jingine ambalo, kwa haki kabisa, tumelifundisha kwa miaka mingi: "Maliza dozi." Kampeni za kifua kikuu na za dawa za viuavijasumu zimemfunza Mkenya kwamba dawa ina mwanzo na mwisho, na kwamba ukiishaimaliza umemaliza pia ugonjwa. Mgonjwa aliyepewa pakiti ya prednisoloni huimaliza kwa utiifu mkubwa, kisha huacha siku hiyo hiyo. Hapa ndipo penye shimo. Mtu akimeza prednisoloni kwa wiki nyingi, tezi ndogo zilizo juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya namna hiyo, huona kwamba kazi yao inafanywa na mwingine, zikalala. Akiacha ghafla, tezi haziamki papo hapo, na mtu anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu likaporomoka, hata akafa. Dawa hiyo huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Na kwa mwenye soriasisi liko la ziada: prednisoloni ya kumeza ikikatwa, ugonjwa unaweza kurudi kwa sura mbaya zaidi, ngozi yote ikatoka vijipu vya usaha, ndiyo maana madaktari wa ngozi huepuka kumpa. Lakini jirani mwema mwenye pumu, ambaye amebakiza vidonge vyake kabatini, hayajui hayo. Humgawia mwenzake kwa nia safi, ngozi ikanawiri kwa siku kumi, sifa zikaenea mtaani, kisha yakafuata ya kufuata.

Hatari kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, imo katika alama ndogo inayoandikwa juu ya bahasha ya dawa. Kila mmoja wetu anaijua: 1x3, yaani kidonge kimoja kutwa mara tatu, 2x2, vidonge viwili kutwa mara mbili. Tumeizoea hata watoto huisoma. Sasa methotreksati kwa ugonjwa wa ngozi humezwa mara moja kwa wiki. Kidonge chake cha kawaida ni cha miligramu 2.5, na mgonjwa anaweza kuambiwa ameze vinne kwa pamoja, yaani miligramu 10, kisha asubiri siku saba. Mfamasia akiandika 4x1 bila neno jingine, mgonjwa atasomaje? Atasoma alivyofunzwa na bahasha zote alizowahi kupewa: vinne kila siku. Dawa hiyo ikimezwa kila siku hugeuka sumu. Vidonda hutoka kinywani, uboho hushindwa kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hili katika nchi zilizo na hospitali nzuri kuliko zetu. Ilifika mahali ambapo mnamo 2019 Shirika la Dawa la Umoja wa Ulaya lilitoa mwongozo kwamba pakiti ziwe na onyo wazi, na wanaomeza vidonge wapewe kadi ya kuwakumbusha kwamba dawa ni ya mara moja kwa wiki. Ikiwa kosa hili limewasumbua hao wanaosoma maagizo kwa lugha zao za mama, sisi tunaoandikiwa kwa Kiingereza na tarakimu tuna udhuru gani?

Hata neno 'wiki' halitoshi. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya "vidonge vinne kwa wiki", na wengine walijibu kwamba mtu anavigawa, leo kimoja na keshokutwa kimoja. Wengine walisoma "kwa wiki" kuwa "kwa muda wa wiki moja", basi wakahesabu siku saba za kumeza. Neno 'juma' nalo lina matatizo yake, maana jina la siku ya Ijumaa lipo karibu nalo na sikio huteleza. Dawa ya tatizo hili ni kuitaja siku yenyewe. "Kila Jumatatu. Siku nyingine usimeze." Na kwa kuwa mgonjwa hupewa pia asidi ya foliki ya kupunguza madhara ya methotreksati, nayo itajiwe siku yake, vidonge vya dawa hizo mbili visije vikabadilishana nafasi. Wanawake waambiwe bila kificho kwamba methotreksati huharibu mimba, na kwamba yeyote anayetaka kupata mtoto, mume au mke, azungumze na daktari mapema. Nasikitika kusema kwamba onyo hili husemwa kwa Kiingereza mara nyingi kwa sababu ya haya, kana kwamba aibu haifiki katika lugha ya kigeni.

Lipo jambo jingine ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Watu hao hao wanaokimbia kidonge cha daktari kwa kusikia neno kinga, huzipaka steroidi usoni asubuhi na jioni bila wasiwasi wowote. Nasema juu ya yale mafuta ya kujichubua yanayouzwa vibandani, ambayo baadhi yake yana klobetasoli au betamethasoni, dawa kali za kutuliza moto wa ngozi ambazo daktari huzitoa kwa kipimo na kwa muda mfupi. Zikitumiwa kwa miezi, ngozi hukonda ikawa kama karatasi, michirizi ikatokea mapajani na mikononi, chunusi zikajaa, na msichana akiacha kupaka uso wake huwaka kama uliomwagiwa maji ya moto. Mtu akijipaka juu ya choa, kuvu hustawi kimya kimya chini ya ngozi inayoonekana imepona, hata daktari hushindwa kuitambua. Kwa nini hakuna hofu? Kwa sababu juu ya kijaluba kile hapakuandikwa 'kinga' wala 'kupunguza'. Paliandikwa maneno ya urembo. Haya ndiyo ninayoyaita matokeo ya lugha: dawa ya jamii ileile huogopwa mahali inapofaa na kupendwa mahali inapoua ngozi.

Na sasa nataka kusema nasi walimu. Katika shule zetu za upili hufunzwa isimujamii, na ndani yake sajili ya hospitalini. Mwanafunzi hukariri sifa zake: msamiati maalumu, kuchanganya ndimi, maswali na majibu, lugha ya upole. Huziandika katika mtihani, akapata alama zake na kusahau. Sijapata kuona swali linalomtaka aeleze kama mgonjwa katika mazungumzo hayo alielewa alichoambiwa. Kuchanganya ndimi tumekufanya sifa ya kuorodheshwa, kama vile rangi ya nywele, ilhali mara nyingi ni ukuta kati ya watu wawili. Vivyo hivyo katika uandishi wa kiuamilifu tunawafunza vijana kuandika maelekezo ya kupika pilau, na hilo ni jema, lakini maelekezo ya dawa hayaingii darasani. Mwalimu anaweza kesho asubuhi kuleta kikaratasi kinachotiwa ndani ya pakiti ya dawa yoyote, akawaambia wanafunzi waandike kwa Kiswahili sentensi nne ambazo nyanya zao wataelewa bila kuuliza. Mwalimu wa sayansi na wa Kiswahili wakishirikiana katika zoezi hilo, mmoja atajua kama maelezo ni ya kweli, na mwenzake atajua kama yanaeleweka.

Serikali nayo haina kisingizio cha kukosa sheria. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Maneno "panapowezekana" yamegeuzwa mlango mpana wa kupitia. Nakubali kwamba daktari mmoja mwenye wagonjwa sitini hana dakika ishirini za kumpa kila mtu. Lakini karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiswahili safi haichukui dakika hata moja kugawa, na kuiandaa ni kazi ya siku chache kwa mfamasia, daktari wa ngozi na mtaalamu wa lugha waliokaa meza moja. Vyuo vikuu vyetu vinao watu wa aina zote tatu, na mara nyingi majengo yao hayako mbali sana.

Tarehe 29 Oktoba kila mwaka huadhimishwa kuwa siku ya soriasisi duniani, na mnamo 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziutambue ugonjwa huo na kupiga vita unyanyapaa wake. Nchini kwetu siku hiyo hupita bila kelele, na sababu mojawapo ni kwamba ugonjwa wenyewe hauna jina linalojulikana. 'Soriasisi' ni neno la kukopwa ambalo halijaota mizizi, na watu wengi huliita gonjwa hilo choa, mba, upele, mbalanga au ukoma, yaani majina ya maradhi mengine, na kila jina huja na dawa yake isiyofaa na aibu yake isiyostahili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji, hasa walimu walio mashambani na pwani, na wanafunzi wao. Ikiwa katika lahaja au lugha ya kwenu liko neno la ugonjwa wa magamba meupe ya viwikoni na magotini usioambukiza, tofauti na neno la choa na la ukoma, liandikeni pamoja na maana yake na mahali linapotumika, mlilete kwa Mhariri wa ukurasa huu. Nitayakusanya na kuyaonyesha kwa madaktari wa ngozi, tuone ni lipi linaloweza kuandikwa juu ya karatasi ya mgonjwa.